Kero za mpenzi wa michezo ya video anapolala hotelini

MPENZI wa michezo ya video anapofunga safari huongeza mzigo ambao msafiri wa kawaida hana habari nao: mtambo wa kuchezea, pedi mbili, kebo ya kuunganisha mtambo na runinga, chaja na vifaa vya kusikilizia. Mzigo wenyewe si mkubwa. Usumbufu wake hujulikana usiku, mgeni anapofunga mlango wa chumba alichokwisha kukilipia na kugundua kwamba soketi ni moja tu, runinga imefungiwa juu karibu na dari, na nywila ya intaneti aliyopewa mapokezi haifui dafu.

Kero hizi haziko katika hoteli moja wala mji mmoja. Chumba cha hoteli hutengenezewa mgeni wa kulala na kutazama. Mtazamaji hupokea anachopewa na kuridhika. Mchezaji anahitaji kuwa na mamlaka juu ya umeme, skrini na mtandao, na vitu vyote vitatu hotelini vimo mikononi mwa mwenye nyumba. Makala haya yanaeleza kero hizo na vyanzo vyake kwa kutumia mfano wa Sondu, Kaunti ya Kisumu, pamoja na hatua ambazo mgeni na mwenye hoteli wanaweza kuchukua.

Sondu na wageni wake

Sondu ni mji wa soko ulio mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho, takriban kilomita 50 kutoka jiji la Kisumu, kwenye barabara kuu inayopitia Ahero na Katito kuelekea Oyugis na Kisii. Barabara nyingine huanzia hapo ikapanda hadi Kericho. Mto Sondu, ambao Waluo huuita Miriu, hutoka katika msitu wa Mau, hupita kando ya mji na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria.

Kwa kuwa ni njia panda na ni soko la jamii mbili, Waluo na Wakipsigis, mji huu haukosi wageni. Wako wafanyabiashara wanaowahi soko alfajiri, madereva wa masafa marefu, mafundi na wahandisi wenye shughuli katika vituo vya umeme vya Nyakach, na maafisa wa mashirika. Lipo pia kundi linaloongezeka kila Disemba na kila kunapokuwa na matanga: familia zinazotoka Nairobi, Mombasa au ng'ambo kuja mashambani. Baadhi yao hawalali bomani. Nyumba huwa zimejaa waombolezaji. Isitoshe, heshima baina ya mkwe na wakweze katika desturi za Kiluo humzuia mtu kulala mahali fulani hata nafasi ikiwapo. Njia iliyo rahisi ni kukodi chumba mjini.

Ni miongoni mwa hawa ambapo mpenzi wa michezo ya video hupatikana. Aghalabu ni kijana wa chuo au mwanafunzi wa shule aliyekuja na wazazi wake, lakini si nadra kumkuta mhandisi wa miaka 40 ambaye gemu ya kandanda ndiyo burudani yake baada ya kazi. Machafuko ya mpakani yaliyozuka Sondu mwaka 2023 yaliwakumbusha wageni kwamba usiku ni heri kukaa ndani. Mgeni asiyetoka usiku hana budi kutafuta la kufanya chumbani.

Jambo moja la lugha lafaa kufafanuliwa mapema. Katika miji mingi ya Kenya neno hoteli humaanisha mahali pa kula: chai, chapati, samaki na ugali. Anayetaka malazi huulizia lojing'i au gesti. Katika makala haya hoteli ni mahali popote pa kulala kwa malipo, kuanzia lojing'i ya sokoni hadi hoteli ya nyota kadhaa jijini Kisumu.

Umeme: jirani wa mitambo, mgeni wa giza

Kero ya kwanza ni umeme, na hapa Sondu ina kinaya chake. Kilomita chache kutoka mjini, katika eneo la Nyakach, ndipo penye kituo cha kuzalisha umeme cha Sondu-Miriu cha kampuni ya KenGen. Ujenzi wake ulianza mwaka 1999 kwa mkopo wa Japan, nchi ambako Nintendo na PlayStation zilizaliwa, na kituo kikaanza kazi mwaka 2008 kikiwa na uwezo wa megawati 60. Maji ya mto huelekezwa katika handaki lenye urefu wa zaidi ya kilomita 6, kisha huteremka kwa kasi na kuzungusha tabo. Maji hayo hayo yakitoka hapo hutumiwa tena katika kituo cha Sang'oro, kilichoanza mwaka 2012 na chenye uwezo wa megawati 21.

Mgeni anaweza kudhani kwamba mji uliopakana na megawati 81 haukosi stima. Mambo hayaendi hivyo. Umeme wa vituo hivyo huingizwa katika gridi ya taifa kwa nyaya za volteji ya juu, kisha hurejea vijijini na mijini kupitia vituo vidogo, transfoma na milingoti ya mbao. Mti ukiangukia waya, au transfoma ya mtaa ikiungua, taa huzimika hata kama tabo za jirani zinazunguka barabara. Na gridi nzima ikianguka, ukaribu haumsaidii mtu. Juni 7, 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikakaa gizani kwa saa kadhaa. Usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipotea tena karibu kote nchini, hata katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta.

Kwa mtazamaji wa runinga, umeme ukikatika hasara yake ni habari asizozimaliza. Kwa mchezaji hasara ni kubwa zaidi. Gemu nyingi huhifadhi maendeleo ya mchezaji kwa vipindi, na stima ikikatika kati ya kipindi na kipindi, kazi ya saa nzima hupotea. Ikikatika wakati mtambo unaandika katika hifadhi yake, faili huweza kuharibika. Mtambo hautakiwi kamwe kuzimwa kwa kuchomolewa, na kukatika kwa stima ni sawa na kuchomolewa.

Kurudi kwa stima nako kuna hatari yake. Volteji hupanda na kushuka kabla ya kutulia, na mshtuko huo ndio unaounguza vifaa vingi. Nyanda za Kericho na Kisii zinajulikana kwa radi na mvua ya mawe, na Sondu iko baina yao. Kifaa cha kukinga volteji, kama kile ambacho watu wengi hukitumia kwa friji, hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya mtambo. Asiyekuwa nacho na achomoe mtambo ngurumo za kwanza zinaposikika, na stima ikirudi asubiri dakika chache kabla ya kuuwasha.

Nguvu ya stima ya Kenya ni volti 240, na plagi zake ni zile za Uingereza zenye miguu mitatu ya mraba. Mitambo mingi ya sasa, ikiwemo PlayStation 4, PlayStation 5 na Nintendo Switch, hukubali volti 100 hadi 240, hivyo anayetoka Marekani anahitaji kigeuzi cha plagi tu. Hali ni tofauti kwa baadhi ya mitambo ya zamani. Xbox 360 iliyonunuliwa Marekani ina kifaa cha umeme cha volti za kule, na ikichomekwa Sondu moja kwa moja huweza kuungua. Kabla ya kuchomeka, soma maandishi yaliyo kwenye kifaa chenyewe.

Halafu kuna suala la soketi. Lojing'i nyingi za miji midogo zilijengwa wakati mgeni alihitaji taa moja na labda soketi ya pasi. Soketi hiyo huwa karibu na mlango, mbali na runinga, nayo runinga yenyewe na kisimbuzi chake tayari zimeichukua. Ekstensheni nzuri yenye waya wa mita tatu au zaidi ni chombo muhimu katika mkoba wa mchezaji. Mtambo mkubwa kama PlayStation 5 hutumia takriban wati 200 gemu inapochezwa. Kiasi hicho ni kidogo mno kikilinganishwa na birika la umeme au pasi, na mwenye lojing'i anayekataa kwa hofu ya bili anafaa kuelezwa hivyo kwa upole.

Katika hoteli kubwa za Kisumu jenereta hupunguza tatizo la giza, lakini kero huja kwa mlango mwingine. Vyumba vingi vya aina hiyo hupata umeme kwa kadi ya mlango inayotumbukizwa ukutani. Mgeni akitoka na kadi yake, chumba chote huzimika. Aliyeacha gemu ikipakuliwa ili aikute tayari jioni hurudi akaikuta imesimama pale pale alipoiacha asubuhi.

Runinga iliyofungwa mikono

Kero ya pili ni runinga. Hoteli huogopa mambo mawili: wizi na uharibifu. Kwa sababu ya wizi, runinga hupachikwa ukutani juu sana, au hutiwa ndani ya kizimba cha chuma chenye kufuli. Kwa sababu ya uharibifu, watengenezaji wa runinga za hoteli huziwekea hali maalumu ambayo humzuia mgeni kubadilisha chochote isipokuwa idhaa na sauti. Mgeni anaweza kuchomeka kebo yake vizuri kabisa, lakini kitufe cha kuchagua chanzo cha picha kwenye rimoti hakifanyi kazi, au rimoti yenyewe haina kitufe hicho.

Katika lojing'i ndogo kuna mpango mwingine. Kisimbuzi kimoja kilichoko mapokezi husambaza picha katika vyumba vyote kwa waya wa antena. Mwenye lojing'i akitazama mechi, wageni wote hutazama mechi. Akilala na kuzima, wageni wote wamelala.

Umri wa runinga pia ni jambo la kuzingatiwa. Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali mwaka 2015, runinga nyingi za kioo kinene hazikutupwa. Ziliunganishwa na visimbuzi kwa zile kebo tatu za manjano, nyeupe na nyekundu na zikaendelea kuwahudumia wageni. PlayStation 2 na PlayStation 3 hukubaliana na runinga hizo, kwa kuwa zina njia ya kebo hizo. PlayStation 4 na zilizofuata hutoa picha kwa HDMI peke yake. Matokeo ni kwamba katika lojing'i ya bei nafuu, mtambo wa zamani ndio unaoweza kufanya kazi pale ambapo mtambo mpya wa bei ghali umekwama. Kipo kifaa kidogo cha kugeuza HDMI kuwa kebo tatu, lakini picha yake hufifia, na maandishi madogo ya gemu za kisasa hayasomeki.

Kuna mchezaji aliyeamua kutotegemea runinga ya mtu. Huyo hubeba mtambo wenye skrini yake mwenyewe. Aina hii ina historia ndefu: Game Boy ilitoka mwaka 1989, Nintendo DS na PSP mwaka 2004, Nintendo Switch mwaka 2017, Steam Deck mwaka 2022 na Nintendo Switch 2 mwaka 2025. Simu ya rununu nayo imekuwa mtambo wa michezo wa watu wengi zaidi kuliko hiyo yote. Kwa mgeni wa Sondu, mtambo wa mkononi huondoa kero ya runinga kabisa na hupunguza kero ya umeme. Betri ya akiba ya miliampea-saa 20,000 huweza kuujaza mtambo kama Switch mara mbili au tatu, kiasi cha kutosha kumvusha usiku mmoja wa giza. Anayesafiri kwa ndege hadi Kisumu akumbuke kwamba betri za akiba hubebwa katika mzigo wa mkononi, wala haziruhusiwi katika mzigo unaokabidhiwa.

Mtandao unaofika mlangoni na kurudi

Kero ya tatu, nayo ndiyo iliyo ngumu kueleweka, ni intaneti. Kibao chenye maandishi ya waifai ya bure ni tangazo la kawaida siku hizi. Huduma hiyo huwatosha wengi: hutuma ujumbe, husoma gazeti, hutazama video fupi. Mchezaji akijaribu kuitumia hukutana na vikwazo vitatu.

Kikwazo cha kwanza ni ukurasa wa kuingilia. Hoteli nyingi humtaka mgeni afungue ukurasa fulani na kujaza nambari ya chumba au nambari ya simu kabla ya kuunganishwa. Simu na tarakilishi hufanya hivyo bila taabu. Mitambo ya michezo hutofautiana: mingine hufungua ukurasa huo, mingine huonyesha ujumbe wa kushindwa na kuishia hapo. Njia inayotumiwa na wengi ni kugawa data ya simu. Hata hivyo, bando huisha upesi.

Kikwazo cha pili ni wembamba wa njia. Gemu kubwa ya leo haipungui gigabaiti 50 na nyingine huzidi 100. Kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, ambayo mtazamaji wa video ataiona ni nzuri, gigabaiti 50 huchukua zaidi ya saa 22 kupakuliwa. Mgeni wa usiku mmoja ataondoka kabla gemu haijafika nusu. Hata gemu iliyokwisha kuwekwa huweza kudai masahihisho ya gigabaiti kadhaa kabla ya kufunguka. Kazi hiyo yafaa kumalizwa nyumbani kabla ya safari, mtambo ukiwa umewashwa angalau usiku mmoja kabla ya kuondoka.

Kikwazo cha tatu ni kuchelewa. Watu huchanganya kasi na kuchelewa, ilhali ni vitu viwili. Kasi ni wingi wa maji yanayopita katika bomba. Kuchelewa ni muda ambao tone la kwanza linachukua kufika. Katika gemu inayochezwa na watu walio mbalimbali, kila kitufe kinachobonyezwa Sondu hutuma habari hadi kwenye seva na kurudi. Seva za gemu nyingi kubwa ziko Ulaya, Mashariki ya Kati au Afrika Kusini. Mwanga ndani ya nyaya husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo safari ya kilomita 10,000 kwenda na nyingine kama hiyo kurudi haiwezi kupungua sehemu ya kumi ya sekunde, hata mitambo yote njiani ikiwa mizuri. Mlinda lango wa mchezaji aliyeko Sondu huruka baada ya mpira kwisha kuingia wavuni.

Ni haki kukiri kwamba hali ya zamani ilikuwa mbaya kupindukia. Kabla ya mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti zilizoko takriban kilomita 36,000 angani. Habari ilipanda na kushuka mara mbili, na karibu nusu sekunde ikapotea kabla ya jibu kurudi. Nyaya za baharini za Seacom na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, ndipo michezo ya mtandaoni ikawezekana. Lakini nyaya nazo hukatika. Mei 12, 2024, EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini na intaneti ikazorota Kenya na katika nchi jirani. Siku kama hiyo mwenye hoteli hana kosa lolote, ingawa lawama zote humfikia yeye.

Mtambo wa hoteli unaogawa intaneti huongeza lake. Wageni wote hutoka nje kwa anwani moja, na milango mingi hufungwa kwa ajili ya usalama. PlayStation huonyesha hali hiyo kwa kuandika kwamba NAT ni ya aina ya 3. Maana yake kwa lugha nyepesi ni kwamba mchezaji anaweza kuingia ukumbini lakini hawezi kuwakaribisha wengine wala kusikia sauti za baadhi yao. Hakuna la kufanya chumbani kuhusu jambo hilo. Ufunguo wake uko kwa fundi wa hoteli.

Dawa ya kero hii ni kuchagua gemu inayojitegemea. Gemu ya kandanda ya EA, iliyoitwa FIFA hadi mwaka 2023 kisha ikabadilishwa jina kuwa EA Sports FC, huruhusu watu wawili kucheza chumbani bila intaneti, lakini sehemu yake ya Ultimate Team haifunguki bila mtandao. Fortnite na Free Fire hazichezeki kabisa bila mtandao. Mchezaji mwenye busara huijaribu gemu yake nyumbani huku intaneti imezimwa. Ikifunguka huko, itafunguka na Sondu.

Gemu si kamari

Kero ya nne hutokana na fikra za watu. Katika masikio ya wazee wengi, gemu ni jamaa wa kamari, na chuki hiyo ina sababu. Katika miaka ya 2010 mashine za kamari za kutumbukiza sarafu zilienea katika vituo vya biashara vya mashambani, zikamaliza pesa za watoto na za vibarua, hadi serikali ikafanya misako mwaka 2017 na 2018, ikazinasa na kuziteketeza. Mgeni anayeingia lojing'i na mtambo usiojulikana huweza kutazamwa kwa jicho hilo hilo.

Tofauti ni wazi. Katika kamari mtu huweka pesa na kutegemea bahati arudishiwe zaidi. Katika gemu ya kandanda au ya mapigano mtu hutegemea ustadi wa vidole na akili, na akishindwa hapotezi ila muda wake. Wako Wakenya waliofanya ustadi huo kuwa kazi. Sylvia Gathoni, ajulikanaye kama Queen Arrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya kigeni ya UYU kwa mchezo wa Tekken akiwa Mkenya wa kwanza kupata nafasi ya namna hiyo. Kwa mchezaji wa kiwango chake, chumba cha hoteli usiku wa kuamkia mashindano ni uwanja wa mazoezi. Kuchelewa kwa picha katika runinga ya hoteli, ambako wengine hawakutambui, humvurugia mwendo wa vidole aliouzoea.

Hata hivyo, yako malalamiko ya haki dhidi ya wachezaji. Kuta za lojing'i ni nyembamba. Kelele za goli saa saba za usiku huwaamsha wafanyabiashara wanaotakiwa kuwa sokoni alfajiri. Vifaa vya kusikilizia vya waya vinafaa kuliko vya bluetooth, kwa kuwa PlayStation 4 na PlayStation 5 hazikubali moja kwa moja vifaa vya kawaida vya bluetooth. Kifaa cha waya huchomekwa kwenye pedi na jirani akalala.

Watoto na matanga

Suala la watoto linahitaji uangalifu zaidi. Mtoto aliyeletwa kumzika babu asiyemfahamu, katika lugha asiyoijua vizuri, hujificha katika mtambo wake. Huko ndiko waliko marafiki zake. Kumnyang'anya ghafla ni kumwondolea kitu pekee alichokizoea, na kumwachia usiku kucha ni kumkosesha safari yenyewe. Wazee wa boma nao huona dharau: mjukuu anainamia skrini wakati watu wanalia.

Familia nyingi zingeepuka ugomvi kwa kukubaliana kabla ya kuondoka Nairobi au London: mtambo unabaki chumbani mjini, hauendi bomani, na unachezwa baada ya chakula cha jioni hadi saa iliyotajwa. Switch na PlayStation zina mipangilio ya wazazi inayoweka kikomo cha saa na kuzuia mazungumzo na watu wasiojulikana. Mipangilio hiyo haifai kulegezwa hotelini, ambako mtoto huweza kuwa peke yake chumbani huku wazazi wako kwenye kesha. Gemu nyingi zinazouzwa Ulaya zina alama ya umri ya PEGI juu ya kasha: 3, 7, 12, 16 au 18. Mzazi asiyeijua gemu anaweza kuanzia hapo.

Anayekwama kabisa anaweza kuulizia banda la PlayStation. Mabanda haya yameenea katika miji ya soko kote nchini. Mchezaji hulipa kwa kila mechi, na wenyeji hufahamiana na wageni kwa haraka kuliko mahali pengine popote. Mtoto asiende huko peke yake, na mtu mzima asibebe pesa za kuonekana.

Usalama wa mali na siri

Mtambo wa michezo ni mali ya thamani isiyofichika. Kabla ya safari piga picha ya nambari yake ya mfululizo iliyoandikwa juu yake, uihifadhi katika simu. Ukitoka chumbani, mtambo uwe ndani ya mkoba uliofungwa, usiachwe mezani. Lojing'i yenye kabati la kufungia vitu mapokezi ikupe stakabadhi.

Siri nazo ni mali. Anayeingiza akaunti yake katika runinga ya kisasa ya hoteli, iwe ni ya gemu au ya filamu, mara nyingi huondoka bila kuifunga, na mgeni wa kesho huikuta wazi, wakati mwingine pamoja na kadi ya benki iliyounganishwa nayo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huwapa wenye biashara wajibu kuhusu habari za wateja wanazozikusanya. Haimzuii mgeni anayefuata asibonyeze kitufe. Funga akaunti mwenyewe.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Mgeni anayepiga simu mapema huokoa fedha na hasira. Maswali yafuatayo yanatosha:

1. Chumba kina soketi ngapi, na iliyo karibu na runinga iko wazi?
2. Runinga ina tundu la HDMI, na mgeni anaruhusiwa kulitumia?
3. Intaneti inafika chumbani au ni ya mapokezi pekee? Ina kikomo?
4. Umeme ukikatika, kuna jenereta au sola, na inahudumia soketi au taa tu?
5. Umeme wa chumba unategemea kadi ya mlango?

Akijibiwa kwa kusitasita, aone chumba kwanza ndipo alipe.

Walivyofanya wengine

Fikra ya kumtengea mchezaji nafasi hotelini haikuanza jana. Katika miaka ya 1990 kampuni ya LodgeNet ya Marekani ilishirikiana na Nintendo kuweka michezo katika vyumba vya hoteli nyingi za nchi hiyo. Pedi ilikuwa imefungwa kwa waya kwenye runinga, na mgeni alitozwa kwa saa, gharama ikaongezwa kwenye bili ya chumba. Watoto walipenda, wazazi walishtuka wakati wa kulipa. Wageni walipoanza kubeba simu na tarakilishi zao, biashara hiyo ilififia. Mwaka 2013 LodgeNet iliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika, kisha ikabadilisha jina na kuwa Sonifi.

Fundisho lake kwa mwenye hoteli wa leo ni kwamba mgeni haombi kununuliwa mtambo. Anao wake. Anachohitaji ni soketi moja ya ziada karibu na runinga, tundu la HDMI lisilofungwa, rimoti yenye kitufe cha chanzo cha picha, na mtu wa mapokezi anayesema kweli kuhusu intaneti. Fundi wa mtaa huweza kumaliza kazi ya chumba kimoja kwa siku moja. Anayehofia runinga yake anaweza kuomba amana, kama inavyofanywa kwa funguo.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mji kama Sondu, ambako vyumba vingi hufanana kwa bei na kwa shuka, mgeni hukumbuka tofauti ndogo. Yule kijana anayekwenda matangani leo na Switch yake mkobani ndiye atakayekuja kesho akiwa mhandisi wa vituo vya Nyakach, na atachagua chumba ambacho alichomeka mtambo wake ukawaka.